Kuipima Ngoma ya Mto Tana

Mnunuzi wa ngoma huanza na nakshi, na hapo ndipo anapopotea. Kando ya Mto Tana, Garsen na vijiji vya delta, ngoma ni sauti kwanza, na ziko zilizokuwa mamlaka. Ipime kwa mpangilio huu.

Mti. Kuchimba gogo moja likawa ngoma kunataka mkono wa mchonga mitumbwi, kazi ambayo Wapokomo, watu wa mto huo, wanaijua tangu enzi na enzi. Ingiza mkono ndani, upapase pande zote. Unene uwe mmoja, na alama za tezo ziwe fupi, zinazofuatana. Kisha kagua midomo ya gogo: mti uliochongwa mbichi ukakaushwa haraka hupasuka hapo kwanza. Ufa uliozibwa na kupakwa masizi ni kasoro iliyofichwa.

Ngozi. Ikiwa upande wa pili uko wazi, ielekeze juani uchungulie. Mwanga upenye sawasawa. Mabaka meusi ni nyama ambayo haikuparwa. Gonga kwa kidole ukizunguka ukingo, usikie kama sauti ni ileile. Ipashe moto kidogo: ngozi njema hupanda sauti, wala haiyumbi.

Uzee. Mikono hung'arisha pale inaposhika tu. Ngoma iliyo nyeusi na laini mwili mzima imekaa moshini kumsubiri mgeni.

Siri. Hapa jicho linafika mwisho. Ngadji, ngoma kuu ya Wapokomo, ni ya jamii moja na mwanza, ngoma ya Wamijikenda: haipigwi, husuguliwa mpaka ingurume. Wazee wa Kijo, chama cha siri, waliificha msituni, na asiyeingizwa katika chama hicho aliisikia tu, wala hakuruhusiwa kuiona. Hofu na heshima zilitokana na ngurumo isiyo na umbo. Ufundi wake basi ulikuwa pia katika kufichwa: sauti ibebe uzito wa sheria, msikilizaji ajazie mengine mwenyewe.

Maofisa wa Kiingereza waliichukua mwanzoni mwa karne ya 20, na tangu 1908 imo British Museum, London. Huko mti upo na ngozi ipo, lakini hakuna Kijo wala msitu, na hakuna anayeinyamazia kwa heshima. Mtaalamu anayeipima kwa urefu na upana wake amepima gogo. Ndiyo maana Wapokomo wanaidai irudi: chombo cha namna hii hukamilika mikononi mwa wenyewe.

Haki. Kwa hiyo muuzaji akikunong'oneza kwamba ngoma yake ilikuwa ya wazee, usivutiwe na nguvu za ngoma hiyo. Muulize ni wazee gani walioitoa, na kwa idhini ya nani. Akikosa jibu, usiinunue, hata kama mti, ngozi na sauti vyote vimefaulu.