Yakini na Itikadi katika Al-Inkishafi

Utungo wa Al-Inkishafi, kazi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, umezoeleka kusomwa kama mawaidha ya namna moja tangu mwanzo hadi mwisho. William Hichens aliuhariri mwaka 1939 akauita mwamko wa roho. James de Vere Allen, mwaka 1977, akauita katekisimu ya nafsi. Jina la pili lafaa zaidi, kwani katekisimu angalau huuliza.

Maana mtunzi hauamrishi moyo wake uamini tu. Anauwekea majaribio. Dunia ni vumbi lionekanalo katika mwale wa jua: alishikaye hafumbati kitu. Ni mazigazi: mwenye kiu huyakimbilia, asipate ila joto na majuto. Tashbihi hizi husifiwa kwa uzuri wake, ilhali kila moja ni dai lipimwalo kwa mkono au kwa mguu. Ndivyo yalivyo na magofu ya Pate. Popo kumbini na ndege wa mwituni katika madaka yaliyopangwa vyombo vya kaure si mapambo, ni ushahidi. Moyo usiposadiki waambiwa uende kwenye nyumba zile, uchungulie, uite. Hautaitikiwa ila na mwangwi.

Beti za mwisho ni za namna nyingine. Zinatajwa tabaka za moto, Jahimu, Hawiya, Sairi, na hakuna aambiwaye akatazame. Haya ni mapokeo, nayo hushikwa kwa imani. Mtunzi hakuyachanganya mambo haya mawili. Sura ya At-Takathur, inayowakemea washindanao kwa mali hata wakazuru makaburi, hutenga elimu ya yakini na yakini ya jicho, na kuuona moto kwa jicho huuweka mbele, si leo. Utungo wafuata mpango huohuo: kionekanacho sasa ni gofu.

Lakini gofu lathibitisha kiasi gani? Kwamba utajiri wa Pate ulikoma, basi. Halithibitishi kuwa ulikomeshwa na dhambi. Historia ya mji ule ina vita vingi na ugomvi wa kugombea ufalme, na hayo mtunzi hakuyafanya hoja. Hatua ya kutoka kwenye mwangwi hadi kwenye moto aivuka kwa hofu pekee, na ule moyo ulioruhusiwa kutosadiki mlangoni mwa magofu, hapa haupewi tena nafasi ya kukana.