Kimeng'enya Kinachopima Oksijeni Ndani ya Jicho

Leza ilianza kuokoa macho ya wagonjwa wa kisukari kabla wanasayansi hawajajua inaokoaje. Mwaka 1976 utafiti mkubwa wa Marekani ulitoa matokeo ambayo hayakuwa rahisi kuyameza: ukiunguza retina kwa mamia ya madoa madogo, kila moja upana wa takriban nusu milimita, unapunguza kwa zaidi ya nusu hatari ya mgonjwa kupoteza uwezo wa kuona. Yaani retina iharibiwe ili ipone!

Jibu lilikuwa kwenye oksijeni.

Sukari ikikaa juu miaka mingi, mishipa myembamba ya damu ya retina huziba na kuacha maeneo yanayokosa hewa. Ndani ya kila seli ya maeneo hayo mna kimeng'enya kiitwacho PHD. Kazi yake ni kuichukua oksijeni na kuibandika kwenye protini ya HIF, mahali penye asidi amino iitwayo prolini. Alama hiyo ni hukumu ya kifo: protini nyingine, VHL, huikamata HIF na kuipeleka kusagwa, mara nyingi ndani ya dakika tano tu tangu itengenezwe. Kwa kuwa kimeng'enya hiki huitumia oksijeni kama malighafi, ikipungua nacho hulegea papo hapo. HIF hurundikana, huingia kwenye kiini cha seli na kuamrisha VEGF itengenezwe. VEGF huotesha mishipa mipya, lakini mishipa dhaifu, inayovuja, inayomwaga damu ndani ya jicho na hata kuivuta retina mpaka ibanduke.

Mwaka 1948 Isaac Michaelson alikisia kwamba retina yenye njaa ya oksijeni hutoa kitu fulani kinachosambaa na kuchochea mishipa. Ushahidi ulichelewa. Mwaka 1994 Lloyd Aiello na wenzake walipima majimaji ya macho ya wagonjwa wakakuta VEGF imejaa pale mishipa mipya inapoota, na imeshuka kwa waliokwisha kupigwa leza ikafanikiwa. Siri ya kimeng'enya chenyewe ilifichuliwa mwaka 2001 na timu za William Kaelin na Peter Ratcliffe, waliotunukiwa Nobel mwaka 2019 pamoja na Gregg Semenza, mgunduzi wa HIF.

Hapo kitendawili cha leza kikateguka. Seli zinazopokea mwanga ndizo zinazokula oksijeni kuliko zote kwenye retina. Leza ikiua baadhi yake, oksijeni inayotoka kwenye tabaka la mishipa lililo nyuma ya retina hupenya kwenye makovu na kufika ndani kulikokauka. PHD hupata malighafi, HIF husagwa tena. Gharama yake ni kubwa: mgonjwa huweza kupungukiwa na uwezo wa kuona pembeni na gizani. Ndiyo maana sindano za kuzuia VEGF zilipokelewa kwa furaha, ingawa hizo huishika VEGF iliyokwisha kutoka. Njaa ya oksijeni yenyewe haziigusi.

Geoffrey Arden wa Uingereza alijaribu njia ya upole zaidi. Seli zinazopokea mwanga hula oksijeni nyingi zaidi gizani, kwa hiyo akapendekeza wagonjwa walale na barakoa yenye mwanga hafifu. Hoja ilikuwa safi kabisa. Lakini jaribio la miaka miwili, lililofanyika Uingereza kwa wagonjwa wenye uvimbe wa retina, halikuonyesha faida, na wengi walishindwa kuendelea kuivaa usiku kucha.