Shati Lililochanika kwa Nyuma: Bibi, Mtumishi na Deni katika Paradise ya Gurnah

Kuna neno moja ambalo sisi wanafunzi wa fasihi tunalitumia ovyo, nalo ni "mapenzi". Tupe riwaya yoyote ambamo mwanamke na mwanamume wanatazamana zaidi ya mara mbili, tutakuandikia chini ya kichwa cha dhamira kwamba mwandishi ameonyesha mapenzi kati ya fulani na fulani, kisha haraka haraka tunakimbilia ujenzi wa jamii mpya. Muhula uliopita zamu ilifikia Paradise, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka 1994. Mwenzetu mmoja alisimama akaandika ubaoni: "Mapenzi ya kitabaka kati ya mwajiri na mtumishi." Darasa likanakili. Makala hii ni ubishi wangu na sentensi hiyo, maana naona maneno mawili ndani yake hayasimami, na ajabu ni kwamba ukiyaondoa hayo mawili kinachobaki ni "mtumishi" peke yake.

Kwa ambaye hajaisoma, kisa ni hiki. Yusuf ni kijana wa miaka kumi na miwili. Baba yake ana hoteli katika mji mdogo uitwao Kawa, na anadaiwa na mfanyabiashara mkubwa wa pwani, Aziz. Deni halilipiki. Siku moja Aziz anapanda treni kurudi pwani na Yusuf yumo ndani ya treni hiyo. Huko anawekwa dukani pamoja na Khalil, kijana mwingine aliyetolewa kwa deni. Nyuma ya duka kuna bustani yenye ukuta, na nyuma ya bustani kuna nyumba, na ndani ya nyumba kuna Bi Zulekha, mke mkubwa wa Aziz, mwenye alama usoni inayomtesa na kumfanya ajifiche. Miaka inapita, Yusuf anakuwa kijana mzuri wa sura kupita kiasi. Bibi anamwona. Yeye naye anamwona Amina, msichana aliye humo ndani. Basi hapo ndipo penye "mapenzi" yetu ya ubaoni.

Nianze na neno "mwajiri". Mwajiri hutoa ujira, si ndiyo? Sasa nionyesheni ukurasa ambao Yusuf anapokea mshahara. Yusuf hakuajiriwa, Yusuf aliwekwa rehani. Saa huwekwa rehani, shamba huwekwa rehani, na katika nchi hii kabla ya vita vya 1914 hata mtoto aliwekwa rehani. Tusidhani ni ubunifu wa mwandishi tu. Wajerumani waliokuwa wakitawala hawakuufuta utumwa kwa mkupuo. Amri yao ya Desemba 1904 iliwahesabu huru watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya mwisho wa 1905, wakubwa wakabaki walivyo, na ilibidi Tanganyika isubiri sheria ya Waingereza ya 1922 ndipo jambo lenyewe likomeshwe. Katikati ya hapo palikuwa na watu wengi ambao hukuweza kuwaita watumwa na hukuweza kuwaita huru. Gurnah ameichagua nafasi hiyo hiyo ya katikati, na kwa maoni yangu huo ndio uhodari wake mkubwa katika kitabu hiki.

Linalonivutia zaidi ni jinsi anavyoionyesha kwa neno dogo. Yusuf humwita Aziz kwa jina la undugu. (Mjomba au ami, geuzeni wenyewe lile neno la Kiingereza, mimi ninayo nakala ya Kiingereza tu. Tafsiri ya Ida Hadjivayanis, Peponi, ya 2022, inazunguka mikononi mwa wenzangu na haijanifikia.) Khalil ndiye anayemzindua: huyu si ndugu yako, mwite Seyyid. Anamzindua mara nyingi, kwa ukali, kwa mzaha, hata kwa makofi, na kijana anachelewa sana kuliacha neno lake. Wasomaji wengine wanasema Khalil ni mkorofi. Mimi nasema Khalil ndiye mtu pekee humo ndani anayempa Yusuf hesabu ya kweli. Neno la undugu ndilo linalofunika daftari la deni. Ukimwita mtu mjomba huwezi kumuuliza mshahara.

Hapa naomba nipande mlimani kidogo, maana sehemu ya pili ya riwaya inatupeleka huko, na mimi ni mtu wa Kibosho. Aziz anapofunga safari ya bara anamwacha Yusuf katika mji ulio chini ya mlima wenye theluji, nyumbani kwa mwenye duka aitwaye Hamid Suleiman na mkewe Maimuna. Gurnah hautaji mlima kwa jina. Lakini kuna kilele cheupe, na kuna kijiji huko juu aishiko mzee Hussein wa kutoka Unguja, kiitwacho Olmorog. Sisi wa mkoa wa Kilimanjaro tunaijua Ol Molog, upande wa magharibi wa mlima, ambako baadaye palikuwa na mashamba makubwa ya walowezi. Kwa hiyo msinibishie, huo ni mlima wetu.

Nyumba ya Hamid inafaa kusomwa polepole. Watu wa humo si wabaya. Wanagundua kwamba kijana hajui kusoma Kurani, wanaona haya kwa niaba yake, wanampeleka akajifunze pamoja na watoto wadogo. Anakula chakula chao. Hamid anamchukua safari za biashara, wakiwa na Kalasinga, fundi Kalasinga yule mcheshi ambaye hata kama hujaipenda riwaya utampenda yeye. Yusuf anaishi kama mtoto wa nyumbani. Lakini hebu tuulize: amefikaje pale? Ameachwa na Aziz, kama vile mfanyabiashara anavyoacha mizigo yake kwa mshirika anayemwamini mpaka atakapopita tena. Na Aziz anapopita tena, hakuna anayemuuliza kijana kama anataka kubaki. Upendo wa nyumba ile ni wa kweli na haumsaidii kitu. Nadhani pasipo sura hizi za mlimani tusingeelewa yatakayotokea baadaye kule kwenye bustani, kwa sababu ni hapa tunapojifunza kwamba katika dunia ya riwaya hii wema na umilikaji hulala chumba kimoja.

Sasa neno la pili, "mapenzi". Ulaya wana kawaida yao ya zamani ya hadithi za bwana na mtumishi. Samuel Richardson aliandika Pamela mwaka 1740: bwana anamwandama mtumishi wa kike, binti anakataa, bwana anabadilika, wanaoana, na matatizo ya tabaka yanaishia kanisani. Vitabu vingi vya mapenzi tunavyoazimana bwenini ni wajukuu wa Pamela, hata vile vya Kiswahili ambamo kijana wa tajiri anamwoa msichana wa kazi na mama mkwe anazimia. Siri ya kawaida hiyo ni kwamba mtumishi anaweza kusema hapana, na hiyo hapana yake inapandisha bei yake mpaka ndoa.

Gurnah amegeuza mambo. Mwenye mali ni mwanamke, anayeandamwa ni mwanamume, na kisa kizima ameegemeza juu ya hadithi ambayo Waislamu wanaijua kutoka Sura ya Yusuf. Majina hayakufichwa: Yusuf, Zulekha, na Aziz, ambacho katika Kurani ni cheo cha yule mkubwa wa Misri. Sisi tuliolelewa na Mwanzo sura ya 39 tunamjua mama huyu kama mke wa Potifa. Katika Mwanzo nguo inabaki mkononi mwa mwanamke na inakuwa ushahidi wa uongo. Katika Kurani kanzu inachanika kwa nyuma, na mchaniko huo ndio unaomsafisha kijana. Gurnah amechukua mchaniko wa nyuma. Bibi anamshika Yusuf, Yusuf anakimbia, shati linachanika mgongoni. Ushahidi upo. Tofauti na nabii, huyu wetu hafungwi jela wala hafukuzwi. Mambo yanazimwa kwa upole. Na upole huo ndio unaonitisha, kwa sababu jela ina mlango na ina siku ya kutoka.

Likizo iliyopita nilimsimulia shangazi yangu kisa hiki tukiwa tunamenya ndizi. Shangazi katika ujana wake alilea watoto wa watu mjini Moshi kwa miaka sita. Alisikiliza mpaka nilipofika pale Bibi anapomwita kijana aje amwombee dua na kumgusa ile alama usoni ili apone. Akauliza: "Na huyo mtoto angekataa kuingia, angelala wapi usiku huo?" Nikasema sijui, kitabu hakisemi. Akasema, "Basi mwanangu, usiniambie habari za kupendwa." Sijaona mhakiki aliyelieleza jambo hili vizuri zaidi kuliko yeye, na hajui kama kuna kitu kinaitwa uhakiki.

Hata hivyo sitaki kumgeuza Bi Zulekha kuwa jini. Wahakiki wetu wa kitabaka wangemmaliza kwa mstari mmoja: mnyonyaji. Ni kweli. Lakini mali ile ilikuwa yake kabla haijawa ya Aziz. Alikuwa mjane tajiri, akaolewa na kijana mdogo kuliko yeye, na leo mume ndiye anayesafiri na kuheshimiwa, yeye amebaki ndani na kioo. Anasema na Yusuf kwa Kiarabu, Khalil akimfasiria, na Amina yupo hapo hapo akisikia. Fikirini hali hiyo. Mwanamke anaeleza kiu yake kupitia kinywa cha kijana wa deni, mbele ya mke mwenzake. Maana Amina ndiye mke mdogo wa Aziz. Naye pia alitolewa kwa deni. Baba yake Khalil alimwokoa alipokuwa mtoto mikononi mwa watekaji, akamlea kama binti yake, halafu Khalil na Amina wote wawili wakaenda kwa Aziz. Aziz alipomwoa Amina deni likahesabiwa limekwisha. Undugu tena juu ya daftari.

Kati ya Yusuf na Amina ndipo ninapokubali neno "mapenzi" litumike, kwa masharti. Wanapozungumza hawasifiani macho. Wanaambiana jinsi kila mmoja alivyofika pale. Yusuf anaota kumtoroshea nje ya ukuta, na ndoto yake haina nauli wala mahali pa kufikia. Tatizo la mapenzi haya, naona, halitokani na tofauti ya tabaka hata kidogo: wote wawili ni bidhaa ya mtu mmoja, na bidhaa hazioani.

Linganisheni na Kijakazi wa Shafi Adam Shafi katika Kasri ya Mwinyi Fuad (1978), mtumishi anayempenda na kumtii bwana wake kuliko anavyojipenda yeye mwenyewe. Shafi anamwekea Mapinduzi ya 1964 mlangoni ili aamke. Gurnah hana mapinduzi ya kumpa mtu yeyote. Ana mzee Hamdani, mtunza bustani, mtumwa aliyepewa uhuru akaukataa kwa hoja kwamba hawa hawakuwa na uwezo wa kuutoa. Darasani tuligawanyika juu ya Hamdani. Wengine walisema ni fikra za kitumwa zilizokomaa. Mimi naona ndiye mtu huru pekee katika bustani ile, ila uhuru wake umetosha kumwagilia maua tu.

Nina lawama yangu pia, nayo ni ya mtu wa mlimani. Katika sura za mji ule wa chini ya theluji, wenyeji wa mlima wanapita kwa mbali. Wafanyabiashara wa pwani wanawaita washenzi, na najua Gurnah anaidhihaki kauli hiyo, hakubaliani nayo. Sawa. Lakini dhihaka haimpi mtu jina. Wakati huo watu walikuwa na vihamba vyao na mifongo ya maji iliyochimbwa kwa vizazi. Mangi Rindi wa Moshi alikuwa amekwisha kufanya biashara ya pembe na mateka na watu hao hao wa pwani, akafa 1891, na mwanawe Meli alinyongwa na Wajerumani mwaka 1900. Kwa hiyo deni na utumwa mlimani havikuletwa na treni. Mtoto wa kutoka juu angeweza kabisa kuwa katika nyumba ya Hamid, mwenye deni lake na Bibi wake. Nimeisoma sehemu ya pili mara tatu nikimtafuta anayeteka maji ya kupikia pale nyumbani kwa Maimuna.

Mwishoni Yusuf anakimbilia safu ya askari wa Mjerumani wanaopita wakikusanya watu. Wenzangu wengi waliona mwisho huo umekatwa ghafla. Mimi niliuona umechelewa. Kijana ambaye hajawahi kuulizwa lolote anachagua kwa mara ya kwanza, na vilivyopo vya kuchagua ni Seyyid au Mjerumani. Vita anayoikimbilia itafika mpaka kwetu. Mwezi Machi 1916 majeshi ya Jenerali Smuts yaliingia Moshi, na askari wa Kijerumani wakarudi nyuma kuelekea kusini kwa kufuata reli, wakiwa na wapagazi wao wengi ambao hakuna aliyeandika wanatoka kwenye duka la nani.