Amani Si Aktiki

Evgenia Arbugaeva alizaliwa mwaka 1985 huko Tiksi, mji mdogo wa bandari kaskazini kabisa mwa Urusi, ambako jua hupotea kwa majuma mengi kila majira ya baridi. Ni mpiga picha, na sehemu kubwa ya kazi yake inahusu watu wanaoishi na kufanya kazi katika baridi hiyo. Lakini mwaka 2015 na 2016 alikuja mkoani kwetu Tanga, akapanda Usambara Mashariki, akapiga picha katika kituo cha utafiti cha Amani. Mfululizo huo nao unaitwa Amani. Kwa mtu aliyekulia Manundu, Korogwe, anayeiona milima ya Usambara kila asubuhi bila kuistaajabia, ni jambo la kushtua kidogo kuikuta ikining'inia kwenye kuta za maonyesho ya picha huko Ulaya.

Picha zenyewe ni nzuri. Ninachotaka kujadili ni namna zilivyoitazama Amani: kana kwamba nayo ni kituo cha Aktiki.

Ili kulielewa jicho alilokuja nalo, tuanze na kazi yake iliyotangulia, Weather Man, ya mwaka 2013 na 2014. Humo tunamkuta mpima hali ya hewa wa Kirusi katika kituo cha Khodovarikha, kando ya Bahari ya Barents. Kila baada ya saa tatu anatoka nje, anasoma vipimo vya joto, upepo na theluji, kisha anavituma kwa redio. Kati ya kipimo na kipimo anajenga vijumba kwa njiti za kiberiti. Katika picha moja yuko na kasuku, zawadi aliyoletewa na mpiga picha mwenyewe. Upweke wa mtu huyu haukubuniwa na kamera. Umeandikwa kwenye ramani, maana hapo hakuna kijiji jirani wala barabara. Mwanga wa buluu na kijani unaipa kazi hiyo sura ya ndoto, lakini chini ya ndoto kuna ratiba, na ratiba ndiyo inayotufanya tumwamini.

Amani ina historia nyingine. Wajerumani walianzisha kituo hicho mwaka 1902 kwa utafiti wa mimea na kilimo. Waingereza wakakirithi, na baada ya Vita Kuu ya Pili watafiti wa malaria wakachukua nafasi ya wale wa kilimo. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, ikakichukua nayo. Siku zake za fahari zilikuwa kati ya miaka ya 1950 na 1970. Baadaye shughuli nyingi zikashuka Muheza. Juu mlimani yakabaki majengo, maktaba, vifaa, na wafanyakazi wachache waliozidi kuripoti kazini ingawa utafiti wenyewe ulikuwa umekoma.

Katika mazingira hayo Arbugaeva anamfuata mzee mmoja, msaidizi wa maabara mstaafu. Kwa uamuzi huu pekee anastahili pongezi. Historia ya sayansi katika nchi zetu huandikwa kwa majina ya madaktari na maprofesa. Aliyeshinda usiku akikamata mbu, aliyempasua mbu huyo chini ya hadubini na kujaza daftari, huishia kwenye mstari wa shukrani, tena mara nyingi bila jina. Arbugaeva amemgeuzia mtu huyo taa. Mzee anaonekana akiwa na ndoto zake, kumbukumbu zake na heshima ya mtu aliyejua kazi.

Tatizo ni kwamba taa hiyo imewaacha gizani wengine wote. Amani ya Arbugaeva ni ukungu, miti mikubwa na vyumba vitupu. Ukiitazama bila kujua habari zake, utadhani imejitenga na dunia kama Khodovarikha. Kumbe jirani yake kuna mashamba ya chai ya Kwamkoro na Bulwa. Kuna vijiji, kuna watoto wa shule, kuna gari la kwenda Muheza. Kituo hakikuwa kibanda cha mtu mmoja. Kilikuwa mahali pa kazi palipokuwa na madereva, watunza bustani, wakamata mbu, makarani na wapishi. Katika Aktiki, upweke ni sharti la kazi. Hapa umepatikana kwa kuwatoa watu kwenye fremu.

Na wakitoka watu, sababu nazo zinatoka. Baridi na barafu ndizo zinazompangia maisha mpima hali ya hewa wa Kirusi. Amani haikunyamazishwa na ukungu. Ilinyamazishwa na maamuzi ya watu, wakiwa na bajeti zao, wafadhili wao na vipaumbele vyao. Picha inayotuonyesha ukimya bila kutuonyesha maamuzi inatufanya tuomboleze pale tulipopaswa kuuliza. Mwaka 2016 wanaanthropolojia P. Wenzel Geissler na Ann H. Kelly, katika jarida la Social Studies of Science, waliviweka pamoja vituo vya tropiki na vya ncha za dunia. Kwa Amani walitumia njia ya kuigiza upya, palepale kituoni, kazi za utafiti za zamani. Walikataa kukiita kituo hicho gofu. Njia yao ina ugumu wake, lakini angalau inairudisha mikono kazini.

Kuna jambo jingine ambalo ukungu unalificha, nalo liko huku bondeni. Kuanzia 2009 hadi 2014, Korogwe ilikuwa moja ya vituo 11 katika nchi saba za Afrika vilivyoijaribu chanjo ya malaria ya RTS,S kwa watoto na vichanga zaidi ya 15,000. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chanjo hiyo itumike. Kwa hiyo, Arbugaeva alipokuwa anapiga picha za sayansi iliyolala, jaribio kubwa lilikuwa limemalizika karibuni tu chini ya milima ileile. Sayansi haikufa Usambara. Ilihama, ikabadilisha namna ya kuajiri.

Hapo ndipo namwelewa yule mzee kuliko ninavyozielewa picha zake. Kituo cha zamani kilimpa mtu kazi ya miaka, nyumba na mahali pa kuzeekea. Utafiti wa leo mara nyingi huja kama mradi: una mwanzo, una mwisho, na mkataba unakwisha pamoja nao. Sisi tunaosoma shahada za uzamili tunaijua lugha hiyo vizuri. Kwa hiyo anapoikumbuka Amani, huenda hatamani ukoloni wala ujana. Huenda anatukumbusha kwamba sayansi iliwahi kuwa ajira ya kudumu kwa mtu asiye na digrii. Hilo ni dai, na dai linahitaji zaidi ya ukungu.

Arbugaeva mwenyewe ameshaonyesha kwamba anaweza kulibeba. Mwaka 2022 yeye na kaka yake Maxim walitoa filamu fupi, Haulout, iliyoteuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Mwanabiolojia anaishi kwenye kibanda huko Chukotka, akiwahesabu walrasi, wanyama wakubwa wa baharini wenye meno marefu kama pembe za tembo. Barafu imepungua baharini, hivyo wanajazana nchi kavu kwa makumi ya maelfu hadi kibanda kinazingirwa. Tunamwona akila, akingoja, akihesabu, akiandika. Kamera inakaa naye hadi tunaijua kazi yake kwa uchovu wake, na chanzo cha balaa kinatajwa waziwazi.

Natamani Amani ipate filamu ya namna hiyo: dakika ishirini za mikono ya wasaidizi wa maabara, sauti zao, vyeo vyao, mishahara yao, na siku walipoambiwa kwamba kazi inahamia bondeni. Ukungu nao uwepo, maana ni wa kweli. Lakini uwepo kama unavyokuwepo kwa watu wa Amani: unafika asubuhi, na watu wanapita ndani yake kwenda kazini.