Jina na Sauti katika Albamu ya Kwanza ya Duma

Mwezi wa Agosti, 2020, kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa albamu ya kwanza ya Duma, kundi la vijana wawili wa Nairobi: Martin Khanja, mwimbaji, na Sam Karugu, mpigaji gitaa na mtengenezaji wa midundo. Nyimbo zake ni tisa, na jina la albamu ni lile lile la kundi. Muziki wenyewe ni wa ukoo wa hevi metali, ila ngoma zake hupigwa na mitambo, kwa kasi isiyowezwa na mikono ya mtu.

Jina lastahili kutazamwa kwanza. Msikilizaji wa delta ya Rufiji akisikia neno duma humfikiria yule mnyama wa madoa awashindaye wote kwa mbio. Wenyewe walikusudia giza, kwa neno la Kikikuyu nduma. Katika Kikikuyu sauti d haisimami peke yake. Hutanguliwa na n. Kwa kuiondoa n hiyo, neno limetoka katika umbo la Kikikuyu likaingia katika umbo la Kiswahili, na maana zote mbili zimebaki: giza na mbio. Muziki huu ni hayo mawili. Vivyo hivyo wimbo uitwao "Pembe 666": hesabu hiyo ni ya mnyama wa Ufunuo, sura ya 13, na pembe zake zimetajwa katika sura hiyo hiyo. Neno moja la Kiswahili limetosha kuileta picha nzima.

Hata hivyo, majina mengi ya nyimbo ni ya Kiingereza, na maneno yaimbwayo humezwa na ukelele. Hapa ndipo penye mgogoro. Amri Abedi, katika Sheria za Kutunga Mashairi (1954), alifanya kuimbika kuwa sharti la ushairi. Mbele ya Duma swali hugeuka: je, uimbaji ambao maneno yake hayashikiki waweza kuitwa wimbo? Mwenye kujibu upesi atakana. Lakini kukana huko kungevitupa nje vigelegele vya arusini na mayowe ya msibani, ambavyo havina neno hata moja, na hakuna asiyevielewa. Sauti ya Khanja, ishukapo hadi mngurumo na kupanda hadi ukelele mwembamba, ni ya jamaa hiyo. Yasema hofu na ghadhabu bila kamusi.

Kasoro iko kwingine. Nyimbo kuu za hevi metali hupendwa kwa sababu umati huzipokea na kuziimba pamoja na wenyewe, kama vile katika ngoma zetu mwimbishaji atoapo na waitikiaji wakapokea. Katika albamu hii mwimbishaji yupo, tena hodari; lakini anayepokea ni mtambo. Msikilizaji hupigwa na sauti, hutetemeka, wala haachiwi mahali pa kutia yake.

Kwa hiyo, hii ni kazi yenye nguvu kubwa, na imestahili sifa. Bado haijawa wimbo wa watu. Kiswahili, kilicholipa jina hilo mbio zake, kingeweza pia kuwapa wasikilizaji kiitikio.