Kadi Mbili za Laini, Piki Moja ya Mandolini

Piki zinazopatikana kirahisi Songea ni za gitaa, tena nyembamba: milimita 0.5, 0.6, zikizidi sana 0.7. Anayepiga ridhimu kwenye kwaya zinamfaa, kwa sababu mkono wake unafagia nyuzi sita kwa mkupuo mmoja na piki inayonyumbulika humpunguzia kazi. Mwenye mandolini akizitumia, chombo kitatoa sauti hafifu yenye kelele ya plastiki juu yake, naye ataanza kuzilaumu nyuzi. Nyuzi hazina kosa.

Mandolini ina nyuzi nane zilizopangwa jozi nne, na jozi hizo zinafungwa kama fidla: G, D, A, E. Sehemu ya uzi inayotetemeka ina urefu wa sentimita 35 hivi, karibu nusu ya ile ya gitaa, na nyuzi zake za chuma hukazwa sana. Piki inatakiwa iupite uzi wa kwanza na wa pili kana kwamba ni mmoja. Ikiwa nyembamba, inapinda kwenye uzi wa kwanza, inachelewa kuufikia wa pili, kisha inajinyoosha na kutoa ule mlio wa “chak”. Tena, noti ya mandolini hufa upesi. Ili iendelee, mpigaji hurudia jozi ileile juu na chini kwa kasi, na ndiyo tremolo inayokifanya chombo hiki kitambulike hata kikisikika redioni kwa mbali. Piki inayosubiri kujinyoosha baada ya kila pigo haiwezi kuwahi pigo linalofuata. Ndiyo maana wapiga mandolini wengi hutumia piki za milimita 1 hadi 1.5, pana kidogo, zenye pembe tatu za mviringo.

Unaweza kuagiza Dar es Salaam. Ni zaidi ya kilomita 900, na gharama ya kusafirisha kifurushi kwa basi itaipita bei ya piki yenyewe. Lakini malighafi nzuri inatupwa kila siku mbele ya meza za mawakala wa simu.

Laini mpya huja kwenye kadi yenye ukubwa wa kadi ya benki. Mteja anang'oa kipande chenye chipu, na kadi iliyobaki inaangukia mchangani. Vipimo vya kadi hizo viliwekwa kimataifa: upana milimita 85.6, kimo karibu 54, unene 0.76. Ukibandika mbili unapata milimita 1.52, unene uleule unaotafutwa.

Hapa kwenye kubandika ndipo wengi wanapoharibu. Ugumu wa ubapa wa plastiki haupandi sawasawa na unene wake. Unene ukiwa mara mbili, ugumu wa kupinda unapanda mara nane, yaani mbili mara mbili mara mbili. Ila hesabu hiyo inahitaji vipande viwili viwe kitu kimoja kweli. Ukivishika pamoja bila gundi, kila kimoja kinapinda peke yake huku kikiteleza juu ya kingine, na ugumu unapanda mara mbili tu. Kwa hiyo gundi haipo kwa ajili ya kuzuia piki isiachane mkononi. Inazuia mtelezo, na mtelezo ukizuiwa ndipo ugumu unapatikana. Gundi iliyopakwa juu ya rangi na nembo ya kampuni inashika rangi, wala haishiki plastiki. Kwangua kwanza pande zitakazokutana kwa msasa namba 120 mpaka rangi yote iishe, futa vumbi, ndipo upake.

Gundi ipi? Inategemea plastiki, kwa kuwa kadi nyingine ni PVC na nyingine ni ABS. Jaribio lake ni la jikoni. Koroga chumvi kwenye glasi ya maji mpaka isiyeyuke tena, kisha tumbukiza kipande kisicho na chipu na ukisukume chini ili viputo vya hewa vitoke. ABS itaelea, PVC itazama. PVC inapokea gundi ya mafundi bomba, ambayo huyeyusha uso wa plastiki na kuziunganisha kadi zikawa ubapa mmoja. Kwa ABS tumia supaglu. Bana kwenye jiliwa, au weka chini ya tofali, na uache hadi kesho yake. Kata kwa msumeno wa chuma. Mkasi huipasua kadi kwenye kingo kabla hujaona ufa.

Umbo ni rahisi: pembetatu ya mviringo yenye pande za sentimita 3 hivi. Ukingo ndio unaotaka subira, na kwa maoni yangu ndio unaoamua sauti kuliko aina ya plastiki, ingawa wauzaji wa piki za bei kubwa husema kinyume. Ukingo ukiachwa mraba kama ulivyotoka kwenye msumeno, unakwama kwenye uzi badala ya kuteleza juu yake. Uviringishe pande zote mbili kwa tupa laini, kisha msasa namba 400 uliolowa maji, 800, na 1500 kama unapatikana. Malizia kwa kipande cha jinzi chenye dawa ya meno. Jozi za G na D zimezungushiwa waya, na mkwaruzo wowote uliobaki utausikia pale kama mtu anayeparaza kopo.

Kabla ya plastiki watu walitumia vitu vilivyotoka kwa wanyama, na pwani yetu ilikuwa na kilicho bora: gamba la kasa aitwaye ng'amba. Kitabu cha mabaharia wa Kigiriki cha karne ya kwanza, Periplus, kinalitaja miongoni mwa bidhaa za Rhapta, soko la kale la pwani hiyo. Baadaye gamba hilo likawa piki za mandolini na gitaa huko Ulaya na Marekani, hadi nitrati ya selulosi iliyochanganywa na kafuri, yaani seluloidi, ilipochukua nafasi yake kuanzia miaka ya 1920. Tangu 1977 biashara ya ng'amba kati ya nchi na nchi imezuiwa na mkataba wa CITES, na ni sawa.

Gamba hilo ni keratini, na keratini ipo hata machinjioni. Chemsha pembe la ng'ombe mpaka mfupa wa ndani uachie, kata kipande cha ukuta wake, kilainishe tena kwenye maji yanayochemka na ukibane kati ya mbao mbili hadi kipoe kikiwa bapa. Wakati wa kupiga msasa utasikia harufu ya nywele zilizoungua, na vumbi lake usilivute. (La ndovu usiliguse.) Pembe linaimba vizuri kuliko kadi, lina mguso mkavu na kelele kidogo. Udhaifu wake ni unyevu: kuanzia Desemba hadi Aprili, mvua za Songea zikishika, linanyonya maji, linapinda na kuachana tabaka.

Tahadhari kwa anayetoka kwenye udi. Udi nao una jozi, lakini nyuzi zake nyingi ni za nailoni, ndefu na zisizokazwa hivyo, kwa hiyo risha yake, ambayo zamani ilikuwa ya unyoya wa tai na leo mara nyingi ni plastiki, ni ndefu na inatakiwa inyumbulike kutoka kiganjani. Mpigaji aliyefunzwa Zanzibar akija na risha hiyo kwenye mandolini, tremolo itamshinda, ingawa mkono wake ni hodari.

Kwa kuwa piki ina pembe tatu, sioni sababu ya kuzifanya zifanane. Ncha nyembamba inagusa sehemu ndogo ya uzi na kutoa sauti kali yenye mng'aro; ncha butu inazima ukali huo. Fanya moja butu kabisa kwa tremolo ya taratibu, moja ya wastani, na moja kali ya kupiga kodi (chords) kwa mkato pale ngoma na gitaa la besi vinapozidi. Ncha iliyochakaa irudishie umbo kwa msasa wa 800. Kadi mbili hazigharimu kitu, na wakala atakushukuru kwa kuokota.