Sindano ya Norman Ifasiriwapo

Robert Norman, fundi wa dira wa London, alitoa The Newe Attractive mwaka 1581. Alikuwa amekata ncha ya sindano iliyokuwa ikiinama, akaiharibu; kwa hasira akaamua kupima mwinamo wenyewe: nyuzi 71 na dakika 50. Tunamsifu kwa kuandika Kiingereza cha mafundi, si Kilatini cha wasomi.

Lakini tukimfasiri neno kwa neno, tunawapotosha wanafunzi. London ncha ya kaskazini huinama. Hapa Kampala, kusini mwa ikweta ya sumaku, huinuka, na ya kusini ndiyo iinamayo. Hata mchepuko haukutulia: enzi zake sindano ya London ilielekea mashariki ya kaskazini halisi, kufikia 1820 ilikuwa magharibi. Mfasiri ataje mahali na mwaka.